Namungo 2025/26 (Agosti 2025): kabla ratiba haijatoka, tujue tunatafuta nini ndani yake

Mchimba wa Ruangwa

Wakuu wa Kusini, habari za jioni.

Stars wameshatolewa na Morocco robo fainali pale kwa Mkapa, CHAN (kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani) wamebaki nayo wenyewe, basi turudi kwenye ya kwetu. Ligi Kuu inaanza Septemba 17. Bodi ya Ligi wakishaachia ratiba ya mechi kwa mechi najua kitakachotokea: kila mtu atakimbilia kuangalia Simba anakuja lini, Yanga lini, ataweka statasi, kwisha. Mtu wa Kariakoo, wa Simba au Yanga, anaweza kuisoma ratiba namna hiyo na asidhurike. Sisi wa Namungo, timu ya Ruangwa, Lindi, hatuwezi.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha aanze sasa hivi. Msimu wetu utaamuliwa kati ya Septemba 17 na mapumziko ya AFCON (kombe la mataifa ya Afrika), na utaamuliwa na mechi za nyumbani, Uwanja wa Majaliwa, dhidi ya timu ambazo hakuna anayeziwekea statasi. Tukifika Desemba tumeokota pointi kwa akina Mashujaa, Fountain Gate, KMC na Pamba, mzunguko wa pili tutacheza kwa raha. Tukifika Desemba tunasema "bado kuna mechi nyingi", tujiandae kwa mchujo.

Nianze na ramani, maana ndiyo inayotutofautisha na wenzetu. Timu ni 16, mechi 30, ugenini 15. Katika hizo 15, tano ziko Dar: Simba, Yanga, Azam, KMC na JKT Tanzania. Mbili ziko Mbeya, maana Mbeya City wamerudi na Prisons wamenusurika. Zinabaki Dodoma, Singida, Babati, Tabora, Kigoma, Mwanza, Tanga, na Mtibwa waliopanda kutoka Championship, ligi iliyo chini yetu. Sasa tafuteni kwenye orodha hiyo timu ambayo mtu wa Ruangwa anaamka asubuhi, anaenda, anacheza, na analala kwake. Haipo. KMC ana mechi nne za ugenini ambazo wachezaji wake wanarudi kulala kwenye vitanda vyao. JKT vilevile. Sisi hata ya karibu kuliko zote ni Dar, na Dar kwenyewe ni kulipita Daraja la Mkapa na kutumia siku nzima kwenye basi.

Kwa hiyo ratiba ikitoka, kitu cha kwanza ninachoangalia ni mpangilio wa safari. Dodoma, Singida na Babati zikikaa mfululizo, hiyo ni safari moja ndefu, unaondoka na kurudi mara moja. Tabora na Kigoma zikikaa pamoja, hivyo hivyo. Lakini ukipewa Kigoma, urudi ucheze nyumbani, kisha Mwanza, urudi nyumbani, kisha Singida, hapo hata uwe na kikosi cha aina gani miguu itakataa. Watu huwa wanasema "timu imechoka dakika ya sabini, kocha hajui kufanya mabadiliko". Mabadiliko yanafanyika, ila anayeingia naye kasafiri basi lilelile.

Kitu cha pili ni kalenda ya mfukoni. Hili wageni hawalielewi hata uwaeleze vipi. Ruangwa ya Agosti na Ruangwa ya Novemba ni wilaya mbili tofauti. Minada ya korosho inaanza Oktoba, chama chetu cha ushirika RUNALI wanauza, malipo yanaingia, na kuanzia hapo mpaka karibu na mwaka mpya mtu haulizi kiingilio mara mbili. Msimu uliopita bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, mliona wenyewe pikipiki mpya zilivyojaa barabarani. Ukitupa Yanga nyumbani mwezi wa kumi na moja, uwanja unafurika. Ukitupa Yanga huyo huyo mwezi wa pili au wa tatu, wakati watu wanahesabu debe la mahindi, utaona majukwaa yana nafasi.

Na hapo ndipo penye mtego. Msimu huu Tanzania ina timu nne kwenye mashindano ya CAF, ya klabu za Afrika: Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars. Nne! Mechi za awali za CAF zinaanguka humo humo Septemba na Oktoba. Kwa hiyo hata kama ratiba itaandika kwamba Simba anakuja Majaliwa Novemba, mimi siipigii mstari kwa wino. Inaweza kusogezwa, ikawa kiporo, na viporo vya Kusini vina tabia ya kuangukia siku ya kazi, msimu wa mvua, mfuko umekauka.

Ongeza AFCON ya Morocco, inaanza Desemba 21 mpaka Januari 18. Ligi itasimama. Ongeza Uchaguzi Mkuu Oktoba 29, na mnajua viwanja vingi vya ligi ni vya CCM, kampeni zikihitaji uwanja mechi itahama. Ongeza Kombe la Dunia Juni 2026, maana yake safari hii hakuna kuburuza ligi mpaka mwisho wa Juni kama walivyofanya na ile dabi ya Simba na Yanga iliyotakiwa kuchezwa Machi 8 ikaja kuchezwa Juni 25. Wiki ni zilezile, mechi ni zilezile, nafasi ya kupumua imepungua.

Nina mengine kuhusu Ramadhani na mvua ila nayaacha kwanza. Karibuni.

Kuchele Daima

Mkuu umeandika vizuri, lakini sisi wa Mtwara tunasoma huku tunaumia. Nyie mnalalamika mpangilio wa ugenini, sisi kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona kumebaki historia.

Nikukumbushe kitu. Ndanda, timu yetu, tulipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 tukashuka mwisho wa 2019/20. Misimu sita. Namungo mlipanda huo huo msimu wa 2019/20 tuliokuwa tunaondoka. Hesabu mwenyewe: mmeshamaliza sita, huu ni wa saba. Mmeshatupita, na nawapongeza kwa moyo mmoja kama jirani.

Lakini ule msimu tulioshirikiana ndio pekee ambao Kusini ilikuwa na ugenini wa karibu. Ruangwa kuja Mtwara: unateremka Nanganga, Nyangao, Mtama, Mingoyo, umefika. Mashabiki wenu walikuja na Fuso. Ulikuwa na mechi moja ya ugenini isiyokula bajeti. Sasa hivi hamna hata hiyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kushuka kwetu. Kila timu ya pembezoni inahitaji jirani. Mbeya wanao, ndiyo maana City na Prisons wakipanda na kushuka bado mji unaishi.

Halafu kuhusu viingilio, hapo nakubishia. Siku hizi timu haiishi kwa geti. Azam Media waliweka shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi mwaka 2021, ndizo zinazolipa mishahara. Geti la Simba moja kwa mwaka halibadilishi kitu.

Mchimba wa Ruangwa

Kuchele, nimekusikia na pole ndugu yangu. Hiyo habari ya jirani ningeiandika mimi kama ningekuwa na akili ya kutosha leo.

Ila kwenye geti, subiri kwanza. Bilioni 225.6 gawanya kwa miaka kumi, gawanya kwa timu zote, ona kinachobaki kwa klabu ya ukubwa wetu. Kinalipa mishahara, sikatai. Lakini safari ya Kigoma, kambi ya siku tatu Tabora, bonasi ya ushindi, hizo zinataka hela ya mkononi. Geti la mechi mbili kubwa likiingia Novemba, unaenda kwenye dirisha dogo la usajili ukiwa na kitu. Likiingia Aprili, dirisha limeshafungwa, umebaki na wale wale. Tofauti ni tarehe tu, pesa ni ile ile.

Mnyama wa Shangani

Mtu wa Simba nimepita kusalimia. Pointi sita zetu ziwekeni pembeni, hesabu zenu zianzie mechi 28. 😂

Na msisahau Sumbawanga, Agosti 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, tuliwafunga 2-1. Asanteni kwa ushirikiano.

Mchimba wa Ruangwa

Mnyama, fainali ile ndiyo iliyotupeleka CAF, kwa hiyo hata tulivyofungwa tulipanda ndege. Msimu wetu wa kwanza kabisa Ligi Kuu: nafasi ya nne kwenye ligi ya timu 20, na fainali ya kombe juu yake. Wewe na kikosi chako cha mabilioni ulishinda kwa tofauti ya bao moja dhidi ya vijana wa machimboni. Kaa na hilo.

Na kwa mlio wapya, mwaka uliofuata tuliwapiga 1º de Agosto wa Angola 6-2 Uwanja wa Chamazi, Dar, wakarudi wakatufunga 3-1 hapo hapo Chamazi, jumla 7-5, tukaingia makundi. Makundini hatukuokota kitu, Raja na Pyramids walitufundisha adabu. Sisemi uongo kuremba historia.

Suka wa Nyangao

Wakubwa, mimi ni dereva, mpira naufuata kwa redio zaidi kuliko uwanjani. Naomba nichangie kwenye barabara maana hapo ndipo ninapopajua.

Mchimba kaweka Mbeya kama safari ya kawaida. Swali ni mnapita wapi. Mtu akiwa na mazoea ya zamani anapita Dar: Ruangwa mpaka Dar, halafu Dar mpaka Mbeya ambayo peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Huko ni kuzunguka dunia. Siku hizi lami ipo kutoka Masasi kwenda Tunduru, Namtumbo, Songea, unapanda Njombe, unatokea Makambako, unashika barabara kuu ya Mbeya. Ni ndefu, inakaribia kilomita elfu moja, ina kona za kuchosha ukianza kupanda kule Njombe, na baridi ya Njombe kwa mtoto wa Lindi si mchezo. Lakini unalala Songea, asubuhi unamalizia. Ukiwa na City na Prisons kwa wiki moja, umeshinda. Ukipewa City Oktoba na Prisons Machi, ni safari mbili za hivyo.

Kwa hiyo kwangu mimi mechi mbili za Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ndizo za kuangalia kwanza kwenye ratiba. Kabla hata ya Singida na Babati.

La pili ni mvua. Mei 2024 kilipopita Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga na kule Kilwa, magari yakalala porini, watu wakawa wanazungukia Songea kufika Dar. Mimi mwenyewe nilikuwa na mzigo wa mbaazi, ule mzigo nisiuseme. Fikirieni timu ina mechi Dar Jumamosi na barabara imekatika Jumatano. Mtasema kuna ndege Mtwara. Ipo, lakini watu ishirini na tano na mabegi ya vifaa, tiketi za ghafla, hiyo ni bajeti ya nani?

Ushauri wangu kwa Bodi, kama wanasoma humu: mechi zetu za Dar wangetupa kabla ya Januari nyingi iwezekanavyo. Baada ya hapo tupeni nyumbani.

Bint Mnacho

Kaka Suka umeongea point, lakini hapo mwisho nakataa kabisa. 😄

Mimi nina gesti ndogo hapa mjini Ruangwa, vyumba vya kuhesabu. Mkitupa ugenini wote kabla ya Januari, sisi tunakula nini wakati wa korosho? Simba au Yanga akija, vyumba vimejaa tangu siku mbili kabla, mpaka sebule mtu anaomba alale. Wauza chipsi, mama lishe, bodaboda kutoka Nachingwea, wote wanajipanga na tarehe hiyo. Mechi ya Jumatano saa nane mchana na Simba ni hasara kwa kila mtu, mtu wa Masasi hawezi kuacha kazi. Mechi ya Jumamosi saa kumi jioni ni sikukuu.

Sasa hao viongozi wa klabu wakipewa nafasi ya kuomba kitu, waombe siku, si mwezi tu. Kuliko Novemba Jumatano, afadhali Oktoba Jumapili.

Halafu kuna msimu ule wa 2021/22 mechi zilivyohamia Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini. Yanga mlicheza naye kule mkatoka 1-1. Nyie mlikuwa mnasema "Lindi ni nyumbani pia". Kwa mwenye gesti Ruangwa, Lindi ni ugenini. Nilikaa na mashuka yangu.

Mzee wa Mingoyo

Binti, hapo mwisho umeniua mbavu. Ila Ilulu sisi wa pwani tulifurahi. Tunawapa wa bara kila kitu, mwacheni na mtu wa Lindi mjini apande bajaji tu kwenda kuangalia Ligi Kuu.

Wanangu, nawasoma hapa, nina wasiwasi mmoja ambao hamjaugusa. Mheshimiwa Majaliwa alishatangaza Julai kwamba hagombei tena jimbo. Uwanja una jina lake. Timu ilipanda akiwa Waziri Mkuu na mbunge wenu. Mnapanga ratiba mpaka Mei, mna uhakika wadhamini watakuwa walewale mpaka Mei?

Mchimba wa Ruangwa

Shikamoo mzee wangu.

Swali ni la haki na kila mtu hapa mjini analiuliza, ila kwa sauti ya chini. Jibu langu ni kwamba timu ina jina la kijiji cha machimbo, haina jina la mtu. Hela za wadhamini sina mamlaka nazo. Ndiyo kwanza nazidi kusisitiza pointi za mapema: kama kuna mtikisiko wowote baada ya uchaguzi, uwe unatukuta na pointi ishirini mkononi, si na pointi tisa. Yaliyobaki ni siasa, tufungulie uzi wake.

Suka, umenibadilishia orodha. Mechi mbili za Sokoine zinapanda juu. Nilikuwa naziona mbili tofauti kwa sababu timu ni mbili, kumbe uwanja ni mmoja.

Bint Mnacho, la siku nalichukua, tena nitaliongezea. Ukiona ratiba imeandika tarehe bila kuangalia siku, hujaisoma.

Sasa nimalizie ile ya Ramadhani. Mwaka 2026 mwezi utaandama kama katikati ya Februari kuelekea wiki ya tatu ya Machi. Huku kwetu sehemu kubwa ya mji inafunga, na wachezaji wengi wanafunga. Ukicheza saa kumi jioni na jua la Ruangwa, mchezaji ana masaa kumi na moja hajaweka maji mdomoni. Wenzetu wenye viwanja vya taa wanasogeza mechi baada ya futari, wanacheza watu wameshakula na uwanja umejaa. Kwa hiyo katika kipindi kile natamani tuwe ugenini Dar, kwenye taa, kama Chamazi usiku. Hapo natofautiana na Suka: mechi za Dar zisiishe zote kabla ya Januari, zibaki mbili tatu za Ramadhani. Barabara ikikatika tutajua la kufanya.

Suka wa Nyangao

"Tutajua la kufanya" ni maneno ya mtu ambaye hajalala Somanga.

Dogo wa Nachingwea

Samahani kaka zangu, mimi ni mgeni kidogo kwenye mambo haya. Mnaposema mchujo, timu ya ngapi inaenda? Na kwa nini mnaogopa Desemba wakati msimu unaisha Mei?

Mchimba wa Ruangwa

Dogo karibu, swali zuri.

Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja. Msimu uliopita walikuwa Kagera Sugar na KenGold. Wa 13 na wa 14 wanakutana wenyewe kwa wenyewe, nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki. Anayeshindwa anaenda kukutana na timu ya Championship iliyopitia mchujo wao, na hapo akipoteza ameshuka. Fountain Gate ndiyo njia waliyopita, mpaka wakakutana na Stand United. Yaani timu inaweza kucheza mechi 30 halafu ikaongezewa nne zenye presha kuliko zote 30.

Kuhusu Desemba. Timu ikiwa chini kwenye mapumziko, mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Wachezaji wazuri wanaanza kupokea simu za timu nyingine. Kocha anafukuzwa, anakuja mpya anayetaka watu wake. Na mechi za mzunguko wa pili, kila timu ya katikati unayokutana nayo inacheza kufa na kupona kwa sababu nayo inaogopa. Mashujaa wa Oktoba anakuja Ruangwa kutafuta sare na kurudi zake Kigoma. Mashujaa wa Aprili anayetaka kujiokoa anakuja na visu. Timu ni ileile, jina lilelile kwenye ratiba, lakini mechi ni tofauti kabisa.

Kuchele Daima

Hapo umesema kitu cha kweli tupu. Mwaka wetu wa mwisho ligi ilisimama Machi kwa ajili ya corona ikarudi Juni 13. Mechi zikabanwa. Kila tuliyekutana naye alikuwa anatafuta kitu: huyu ubingwa, huyu nafasi ya CAF, huyu anakimbia kushuka. Hakukuwa na mechi ya kirafiki hata moja. Tungekuwa na akiba ya pointi za Novemba tungebaki.

Sasa swali kwako Mchimba. Unasema pointi za mapema nyumbani. Utafanyaje kama ratiba imekupa mechi tano za mwanzo tatu ugenini, tena Azam, Singida na Yanga?

Mchimba wa Ruangwa

Nitashukuru.

Usicheke. Azam, Singida na Yanga Septemba na Oktoba watakuwa wanasafiri CAF. Kocha wao anagawa kikosi. Kama kuna wakati wa kuokota sare Chamazi, ni siku nne baada ya wao kutoka nje ya nchi, wana marudiano wiki inayofuata, wameweka watu sita wa benchi. Ukikutana nao Februari wakiwa wameshatolewa CAF hawana kingine cha kufanya isipokuwa wewe, watakutafuna.

Kwa hiyo ninavyotamani mimi, ratiba ikae hivi. Septemba na Oktoba: wakubwa wawili au watatu ugenini, wakiwa na akili mbili. Novemba mpaka mapumziko: nyumbani mfululizo, timu za katikati, na mkubwa mmoja wa kujaza uwanja siku ya Jumamosi. Januari mwisho: Mbeya, zote mbili, njia ya Songea, kabla mvua hazijashika sana. Ramadhani: Dar ya usiku. Aprili na Mei: tumalizie nyumbani mechi mbili kati ya tatu za mwisho. Kanda ya kati na Kigoma popote, mradi ziwe zimefungwa pamoja.

Najua sipati yote hayo. Nikipata Novemba na Mbeya nimeridhika.

Mnyama wa Shangani

Mbona hujaweka tarehe ya kupokea kipigo kutoka kwetu?

Bint Mnacho

Wewe Mnyama njoo Jumamosi, chumba nitakuwekea, bei ya Simba. 😂

Mzee wa Mingoyo

Mchimba mwanangu, umesema habari za wakubwa na barabara, hujasema habari za timu yenyewe. Kocha wenu Mgunda ana washambuliaji? Ratiba haifungi magoli.

Mchimba wa Ruangwa

Mzee, hapo umenishika pabaya. Mgunda ni kocha wa kujenga timu ngumu kufungika, na kwa safari zetu hilo ndilo unalotaka ugenini. Nyumbani ndiko penye kazi, maana timu ya katikati ikija Majaliwa inapaki basi, yaani wote wanalinda goli, na wewe ndiye unayetakiwa kufungua mlango. Msimu wa 2019/20 tulikuwa na Lusajo, na kina Kikoti na Bigirimana nyuma yake, mtu akikosea kidogo golini kwake amekwisha. Tangu hapo kila msimu tunatafuta mtu wa namna ile. Kama kwenye usajili huu yupo, Novemba itatuonyesha. Kama hayupo, hata mkinipa ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu tutatoka sare za 0-0 sita na tutaitana humu kulaumiana.

Suka wa Nyangao

Kuna mtu anajua saa za mechi za nyumbani zitabaki saa kumi? Nauliza kwa sababu nikipakia Masasi asubuhi naweza kupita Ruangwa, nikaona kipindi cha pili, nikaendelea.

Bint Mnacho

Kipindi cha pili tu kaka? Na kiingilio utalipa nusu?

Suka wa Nyangao

Dakika ya sabini geti huwa liko wazi, dada. Nimekaa barabarani miaka mingi.

Kuchele Daima

Na Mchimba anatuambia geti linalipa safari.

Mchimba wa Ruangwa

Kuchele 😂😂 acha bwana.

Wakuu, ratiba ikitoka nitaibandika hapa hapa chini, mechi zetu 30 tu, na siku ya wiki pembeni kama Bint alivyotaka. Suka ataweka njia kwa kila ugenini. Mwenye habari ya uhakika kuhusu uwanja kutumika au kutotumika kipindi cha kampeni aiweke pia, ila iwe ya uhakika, tusianze kutishana.